Reli Mbili na Jiko la Makindu

Msafiri wa barabara ya Mombasa anaweza kushuka Makindu hana hata ndururu mfukoni, akala akashiba, akanywa chai, akalala usiku kucha kwenye kitanda kilichotandikwa, na asubuhi akashika njia yake bila mtu kumdai. Ataombwa tu avue viatu, afunike kichwa, na aache sigara na chupa yake nje ya lango. Jiko hilo ni la hekalu la Masingasinga, takriban kilomita 165 kutoka Nairobi, katika Kaunti ya Makueni. Hekalu lilijengwa mwaka 1926. Tangu hapo hoteli nyingi zimefunguliwa na kufungwa kando ya barabara hiyo, na nyingi kati yake zilikuwa na mwenyewe aliyejua kupiga hesabu.

Katika nchi nyingi zilizojengwa kwa reli, mji mdogo huwa na kumbukumbu ya Mchina mmoja mzee aliyekuwa na mkahawa karibu na stesheni. Canada ndiko kisa hicho kinakojulikana zaidi. Wachina wapatao 15,000 waliletwa miaka ya 1880 kuponda mawe na kutandika reli ya Canadian Pacific, na kazi ilipokwisha waliobaki walijitafutia riziki kwa kufua nguo na kupika. Binti wa mzee huyo alihudumia meza, mkewe alikata mboga, naye akasimama jikoni miaka arobaini. Mji mzima ulimjua kwa jina, ingawa wachache waliwahi kumwuliza alikotoka.

Ukambani, nchi ya Wakamba iliko Makindu, nao una kisa cha aina hiyo, ila mpishi wake alitoka Punjab. Wachina wenyewe walifika miaka zaidi ya 110 baadaye. Nao walikuja kujenga reli, wakaimaliza, na hawakuacha sufuria hata moja mjini. Ni rahisi kusema Mhindi alikuwa mkarimu na Mchina mchoyo. Wako wasemao hivyo, na wanakosea. Sababu ya tofauti hiyo iko chini ya ardhi, kwenye maji ya Chyulu.

Milima ya Chyulu ni ya volkeno na bado ni michanga. Mvua inayonyesha juu yake haifanyi mito. Inazama kwenye mawe yenye vitundu, inasafiri chini kwa chini, kisha inafumka kwenye chemchemi za Kiboko, Makindu na Kibwezi, na upande wa Tsavo, Mzima. Mtu aliyetoka Mombasa kwa miguu, akavuka nyika ya Taru yenye miiba na visima vikavu, alijua kwamba akifika hapo ataishi. Misafara ya pembe za ndovu ilijua. Wamisionari wa Scotland walijua pia, wakapiga kambi Kibwezi mwaka 1891. Kilichowashinda ni malaria, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, kwenye baridi.

Kumlisha mpita njia, basi, hakukuanzia stesheni. Wakamba walikuwa wachuuzi wa masafa marefu kabla ya Mzungu yeyote kuiona bara. Kivoi Mwendwa wa Kitui alipeleka pembe pwani na kurudi na nguo na chumvi. Mwaka 1849 alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa karibu na mto Tana akiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo. Nchi aliyoiacha ilizoea wageni waliokuja na mizigo na njaa, na ilizoea kuwauzia nafaka, kunde na mbuzi.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Karibu vibarua na mafundi 32,000 waliletwa kutoka India ya Uingereza, wengi wao kutoka Punjab, na takriban 2,500 walikufa kwa homa, kuhara, ajali na, wachache lakini wanaokumbukwa kuliko wote, kwa simba. Huko Tsavo, mnamo Machi 1898, simba aliingia hemani akamkokota Ungan Singh, msimamizi Singasinga aliyefanya kazi chini ya mhandisi Patterson. Simba hawakukomea Tsavo. Mwaka 1900 mmoja aliingia ndani ya behewa lililoegeshwa kwenye stesheni ya Kima, Makueni ya leo, akamchukua ofisa wa polisi, Charles Ryall, aliyekuwa amekaa akimvizia simba huyo huyo.

Watu wengi kiasi hicho hula. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi, alipata kandarasi ya kuleta vibarua na kisha ya kuwapa chakula: mchele, unga wa ngano, dengu, samli, chumvi, bizari. Nyuma ya kambi, na wakati mwingine mbele yake, akaja Allidina Visram. Huyu alitoka Kutch akafika Zanzibar akiwa kijana mdogo, na alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalihesabiwa kwa mamia, kutoka pwani hadi Uganda. Stesheni mpya ikifunguliwa, duka lake halikuwa mbali.

Ajabu chungu ya miaka hiyo ni kwamba magunia ya mchele kutoka India yalipita Ukambani wakati Ukambani wenyewe unakufa njaa. Ukame, nzige, sotoka ya ng'ombe na ndui vilikutana mwishoni mwa miaka ya 1890, na wazee waliita njaa ile Yua ya Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Watu walienda kwenye kambi za reli kuomba, kufanya vibarua, au kubadilisha walichobakiza kwa kibaba cha mchele. Kwa Mkamba wa kawaida, hapo ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na chakula cha Mhindi. Alikutana nacho kama chakula cha kujinusuru, bila meza wala menyu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Vibarua wengi walirudi kwao. Waliobaki walikuwa wapatao 6,700, na hapo ndipo maji ya Chyulu yanapoingia katika kisa hiki.

Injini ya mvuke ina kiu isiyokwisha. Kila baada ya mwendo fulani lazima isimame, ijazwe maji, ipakiwe kuni au makaa, isafishwe majivu, ikaguliwe magurudumu. Makindu ilikuwa na maji, kwa hiyo ikapewa bohari, tangi, karakana na nyumba za wafanyakazi. Garimoshi haliwezi kusimama bila watu wa kulisimamisha. Kukahitajika mhunzi, seremala, mwashi, fundi wa boila, dereva, mpiga simu, mkuu wa stesheni. Masingasinga walikuwa wengi katika kazi za ufundi, na fundi hakai kituoni miezi mitatu kama kibarua wa kutandika mataruma. Anakaa miaka. Anamwita mke, anazaa, anataka mahali pa kusali.

Nao, mahali pao pa kusali hapakamiliki bila jiko. Utaratibu huo waliuita langari tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyefariki mwaka 1539: kila hekalu liwe na chakula cha bure, kisicho na nyama ili asiwepo wa kukikataa kwa dini yake, na wote wakae chini mstari mmoja, tajiri kando ya maskini. Inasimuliwa kwamba hata mfalme Akbar wa India, alipokwenda kumwona Guru wa tatu, aliketi sakafuni akala na umati. Kwa India ya matabaka hilo lilikuwa jambo zito. Kwa Kenya ya kikoloni, ambako Mzungu, Mhindi na Mwafrika walikuwa na mabehewa yao, hospitali zao na hata vyoo vyao, lilikuwa zito zaidi.

Mafundi wa Makindu walianza kusali kwa namna walivyoweza. Mwaka 1926 wakainua jengo.

Mwaka huo huo wa 1926 shirika la reli lilianza kuleta injini kubwa za Garratt zilizoundwa Manchester. Injini hizo zilivuta mzigo mzito zaidi na kubeba maji yao mengi zaidi. Mafundi walikuwa wanaweka mawe ya hekalu huku teknolojia iliyowaweka Makindu ikianza kuondoka. Kadiri miaka ilivyopita kituo kilipungua umuhimu, wafanyakazi wakahamishwa, na kufikia wakati wa Vita Vikuu vya Pili hekalu lilikuwa limebaki bila waumini wa kulijaza.

Kabla ya hapo, lakini, kulikuwa na meza nyingine Makindu, na hii ilikuwa ya kulipia. Magarimoshi ya kwanza hayakuwa na behewa la chakula. Abiria wa daraja la juu walishushwa kula kwenye nyumba za mapumziko za kando ya stesheni, mtindo uliochukuliwa mzima mzima kutoka India: chakula cha jioni Voi, na asubuhi kifungua kinywa Makindu. Wapishi na wahudumu walikuwa aghalabu Wagoa, ambao kwa kuwa Wakatoliki hawakuwa na shida ya kupika nyama yoyote, na kwa kuwa raia wa Ureno walijua kupika kwa ladha ya Mzungu. Wasafiri waliandika sana kuhusu chakula hicho, na mara chache kwa kukisifu. Mabehewa ya chakula yalipoanza kutembea na garimoshi lenyewe, meza hizo zikakosa wateja. Hakuna aliyezililia.

Mbali na reli mambo yalikwenda polepole. Kitui haikupata stesheni. Mfanyabiashara Mhindi aliyetaka kufungua duka huko alipakia bidhaa kwenye mkokoteni wa maksai, akavuka mito ya mchanga, na akifika alijenga chumba cha mabati chenye kaunta mbele na familia nyuma. Aliuza amerikani, chumvi, sukari, mafuta ya taa, sindano na ushanga. Alinunua ngozi, nta, samli na nafaka. Mkewe alipika kwenye ua wa nyuma, na harufu ya kitunguu kikikaangwa na bizari ilivuka uzio. Kijana Mkamba aliyeajiriwa kufagia na kubeba magunia aliitwa baadaye kusaidia jikoni. Hakusomeshwa upishi na mtu. Aliangalia tu, akashika.

Vijana wa namna hiyo ndio waliofungua hoteli za kwanza za Waafrika katika masoko ya Ukambani: banda, benchi mbili, birika la chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na sinia ya mandazi. Ubao mlangoni uliandikwa "hoteli" hata kama hakukuwa na kitanda, na hadi leo mtu akisema anakwenda hoteli Wote au Mwingi, anakwenda kula.

Halafu ikaja 1967. Bunge la Kenya lilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiye raia hakuruhusiwa tena kuuza bidhaa za kila siku wala kufanya biashara nje ya maeneo machache ya miji mikubwa. Wahindi wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Wengine walikuwa wameomba uraia wa Kenya na faili zao zikakwama. Uingereza nayo ikafunga mlango wake kwa sheria ya Machi 1968, na wiki za mwisho kabla ya mlango kufungwa ndege za kwenda London zilijaa. Sensa ya 1962 ilihesabu watu wa asili ya Asia wapatao 176,000 nchini Kenya. Ya 1969 iliwakuta takriban 139,000. Katika miji kama Kitui maduka yaliuzwa kwa bei ya kuharakisha, na Wakamba wenye mkopo wa serikali au mfadhili mwenye cheo wakayanunua. Wanunuzi walipata kuta, rafu na mizani. Wateja waliokuwa wakikopeshwa kwenye daftari walipata mwenye duka mpya aliyeogopa kukopesha.

Ni haki kusema pande zote mbili. Duka la Mhindi wa mji mdogo lilikuwa na bei zake, na mkulima aliyepeleka mahindi baada ya mavuno akayanunua tena wakati wa kiangazi kwa bei ya juu hakuwa na sababu ya kulia alipoona mwenye duka akifunga virago. Lakini familia iliyozaliwa Kitui, ikazika babu yao Kitui, na kuongea Kikamba bila kigugumizi, ilipoteza kwao. Wengi waliishia Leicester na vitongoji vya London, ambako nao, kama yule Mchina wa Canada, walifungua maduka ya pembeni yasiyofungwa hadi usiku.

Kilomita chache kutoka Makindu kuelekea Nairobi, kwenye chemchemi ya Kiboko, mhamiaji wa namna nyingine alikuwa ameshafungua mlango wake. John Alexander Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1887 akafika Kenya mwaka 1908. Alifanya kazi ya gadi kwenye garimoshi la njia hii, kisha akawa mwindaji wa kulipwa, kisha mtumishi wa idara ya wanyamapori. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 aliua vifaru 996 katika eneo la Makueni. Idadi hiyo si ya uvumi. Yeye mwenyewe aliandika hesabu.

Sababu ya mauaji hayo ilikuwa siasa ya ardhi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewabana Wakamba ndani ya hifadhi, ng'ombe wakazidi malisho, udongo ukachukuliwa na mvua, na mwaka 1938 serikali ikaamua dawa ni kuwanyang'anya mifugo na kuiuza kwa bei ya chini kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi wakapiga kambi wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi ulisitishwa. Baada ya hapo serikali ikatafuta ardhi mpya ya kuwapunguza watu hifadhini, ikaikuta Makueni: msitu, mbung'o na vifaru. Katika kitabu chake cha 1952 Hunter alijiuliza kama ilistahili kuwamaliza wanyama wa ajabu vile kwa ajili ya ekari chache. Swali lake ni la haki. Ila hakujiuliza ni nani aliyechora mipaka iliyowafanya watu wahitaji ekari hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hunter na mkewe Hilda walijenga nyumba ya wageni Kiboko, chini ya migunga mirefu, mbele ya maji. Waliiita kwa jina lao la ukoo. Watalii waliokuwa wakienda Amboseli au Tsavo, na familia za Wazungu na Wahindi zilizokuwa zikiteremka Mombasa kwa gari, walisimama kunywa chai na kupoza injini. Lami ilikuwa haijakamilika; safari ilichukua siku nzima, yenye vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Hunter alifariki mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Lami ilipofika njia nzima mwishoni mwa muongo huo, gari likaweza kutoka Nairobi asubuhi likafika pwani kabla ya jua kuzama, na haja ya kulala Kiboko ikapungua. Jina la Hunter bado liko kwenye kibao, na wapo wanaosimama hapo kuangalia ndege na kunywa soda bila kujua habari ya vifaru.

Lami hiyo hiyo iliyopunguza wageni wa Kiboko ndiyo iliyolijaza hekalu la Makindu. Masingasinga wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walikuwa na karakana na makampuni ya malori, na madereva wao walipita hapo kila wiki. Wakasimama kusali, wakaacha gunia la unga au mkebe wa samli, wakatengeneza paa. Familia zikaanza kuja kwa makusudi mwisho wa juma. Vyumba vya kulala vikaongezwa, jiko likapanuliwa. Hekalu lililojengwa na watu wa garimoshi likaokolewa na watu wa lori. Kwa sababu halikuuza kitu, halikufilisika siku wateja walipopungua. Lilisubiri tu wengine.

Wapishi wengi wa jiko hilo leo ni watu wa hapo hapo. Wanasukuma chapati za langari, nyembamba, zisizotiwa mafuta, zinazofura juu ya chuma cha moto. Ukivuka barabara ukaingia sokoni utakuta chapati nyingine kabisa: nene, ya kukunjwa, yenye mafuta kila tabaka, inayoliwa na maharage au ndengu. Ya kwanza ni ya Punjab. Ya pili ni ya Kenya, na hakuna Mpunjabi atakayeidai. Kwa miaka mingi chapati hiyo ilikuwa ya Krismasi tu vijijini, kwa kuwa unga wa ngano ulikuwa ghali na Ukambani si nchi ya ngano. Unga wenyewe uliwahi kufika kwa huzuni: njaa ya mwaka 1965 inakumbukwa kama Yua ya Atta, kwa ajili ya unga wa msaada ulioletwa wakati mahindi yalipokauka shambani. Watu waliokula unga ule kwa shida ndio ambao wajukuu wao leo hawaanzi sherehe bila chapati.

Upande wa dengu, biashara ilikwenda kinyume. Mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu na kuzila na muthokoi, humea vizuri Makueni, Machakos na Kitui kuliko karibu popote Kenya, na India ndiyo mnunuzi mkubwa. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua mbaazi kutoka nje ili kulinda wakulima wake, bei ilianguka Afrika Mashariki yote. Kitui nayo, chini ya Gavana Charity Ngilu, iligawa mbegu za ndengu kwa wakulima ikiahidi soko. Mchuzi wa dengu unaopakuliwa Makindu, basi, una ardhi ya Ukambani ndani yake kama ulivyo na mapishi ya Punjab.

Wachina walianza kazi ya reli mpya mwishoni mwa 2014. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilijenga njia ya kilomita zipatazo 470 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa gharama inayotajwa kuwa shilingi bilioni 327, na treni ya kwanza ya abiria ikazinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Kambi zao zilikuwa Makueni kwa miaka mitatu: mabweni meupe ya mabati, uzio, mlinzi langoni, mpishi aliyetoka kwao na vitalu vya mboga za majani ambazo mama wa sokoni hakuzijua majina. Wakamba walifanya kazi ndani, wakajifunza maneno kadhaa ya Kichina, na saa ya chakula wakatoka nje kununua githeri kwa akina mama waliopanga sufuria kando ya lango. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ilijengwa na Wachina vilevile, kwa utaratibu huo huo wa kambi. Bwawa la Thwake pia.

Vibarua wa Punjab wa 1898 nao waliishi kwenye kambi, walikula chakula chao wenyewe na kandarasi zao zilikuwa na tarehe ya mwisho. Kama reli yao ingehitaji kujengwa tu, wangeondoka wote na Makindu isingekuwa na hekalu. Ila reli ya mvuke ilihitaji kutunzwa kila siku, mahali hapo hapo, na watu wenye familia. Treni ya dizeli haihitaji maji ya Chyulu. Inapita Makindu bila kushusha abiria. Stesheni zake ni Emali, Kibwezi na Mtito Andei, nazo ziko mbali na katikati ya miji. Nairobi hadi Mombasa ni saa tano hadi sita. Abiria anakula ndani ya behewa au anavumilia. Mchina aliyemaliza mkataba alirudi Beijing au akahamishiwa Naivasha, na hakuwa na sababu ya kukodi chumba Emali afungue mkahawa, kwa sababu hakukuwa na msafiri aliyekwama Emali wa kumlisha.

Wenye hoteli wa Mtito Andei walilijua hilo kabla ya wataalamu wa uchumi. Mji wao uliishi kwa mabasi ya usiku yanayosimama dakika ishirini na malori yanayolala. Mizigo ilipoamriwa kwenda kwa reli, hasa kati ya 2019 na 2022, madereva walipungua, na pamoja nao wauza chai, wachoma nyama, mafundi wa magurudumu na wenye vyumba vya kulala. Amri ilipoondolewa na serikali mpya mwaka 2022 malori yalirudi. Hali ya mji huo itategemea kila mara uamuzi unaofanywa Nairobi kuhusu kontena.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Kwa upande wa Makindu tangazo hilo lilichelewa kidogo: watu wa hapo walikuwa wamekula kwenye sakafu moja na Masingasinga kwa zaidi ya miaka tisini.

Historia ya mafundi wa reli imeandikwa, ingawa si yote. Ya wapishi wa Kikamba waliolishikilia jiko lile, na ya wale vijana wa ua wa nyuma waliofungua hoteli za Kitui, Mwingi na Wote, iko vichwani mwa watu wenye umri wa miaka sabini na themanini. Hekalu linatimiza miaka 100 mwaka 2026. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui, kina wanafunzi na kinasauti si ghali. Serikali za kaunti za Makueni na Kitui zina idara za utamaduni na bajeti ya kila mwaka. Waende wakawaulize wazee hao sasa, na waanzie jikoni.